Ngoma, Zeze na Tembe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sanaa za Asili za Dodoma na Kanda ya Kati

Mbukwenyi! Sisi ni watu wachache tunaojitolea kusikiliza, kurekodi na kufundishana sanaa za asili za huku kwetu. Maswali haya tunaulizwa soko la Majengo, misibani, kwenye daladala, na mara nyingi zaidi kwa simu usiku. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotunyima usingizi. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnaposema "sanaa za asili" mna maana ya ngoma tu?

Hapana, ingawa ngoma ndiyo inayosikika kutoka mbali. Tunahesabu pia nyimbo za kutwanga uwele, vitendawili vya jioni, majina ya ng'ombe kulingana na rangi na pembe zake, ufinyanzi wa vyungu, kuchonga vigoda, kusuka vikapu, kujenga tembe (nyumba ya asili yenye paa bapa la udongo), namna ya kukausha na kusaga mlenda, kupika ujimbi (pombe ya asili), utani wa makabila, na maneno ya kuombea mvua. Bibi anayejua ni jani lipi la porini linafaa kwa mlenda na lipi litakuumiza tumbo ni hazina sawa na mpiga zeze. Bahati mbaya hakuna anayempigia makofi.

2. Ni mambo ya Wagogo peke yao?

Wagogo ndio wengi Dodoma, kwa hiyo mifano yetu mingi ni yao. Lakini ukipanda kaskazini kidogo unakuta Warangi wa Kondoa, Waburunge na Waalagwa, Wasandawe wa Chemba, kisha Wanyaturu na Wanyiramba upande wa Singida. Wafugaji Wabarbaig wanapita kote humo. Kirangi ni Kibantu, Kiburunge ni Kikushi, Kibarbaig ni Kinailoti, na Kisandawe kina sauti za vidoko ambazo mgeni hujaribu kuziiga akaishia kuchekwa na watoto. Ni sehemu chache sana Afrika ambapo unaweza kukutana na watu wa jamii hizo zote za lugha kwenye mnada mmoja wa ng'ombe.

3. Kwa nini uimbaji wa Kigogo unasikika tofauti na wa makabila mengine?

Kwa sababu watu hawaimbi sauti moja. Mmoja anaanzisha, wengine wanaingia juu na chini yake, na mwingine anavunja sauti kooni kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Wataalamu wa muziki wanaeleza kwamba noti za Kigogo zinafuata zile sauti ndogo zinazosikika juu ya sauti kuu ukipiga uta wenye uzi mmoja. Wazee hawana haja ya maelezo hayo. Wanajua tu kwamba kinanda cha kanisani "hakifiki" pale wanapopataka.

Vyombo navyo vina tabia zake. Ilimba, yaani marimba ya vidole, ina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo kama wa nyuki. Baadhi ya chuma zake hazipigwi kabisa. Zimewekwa ziitikie zenyewe jirani zao zikiguswa. Zeze lina kibuyu au kisanduku cha kuvumisha sauti, nyuzi, na uta wa kusugulia. Muheme ni ngoma ya wanawake: wanazibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono huku wakicheza, na asiyewahi kuona hudhani ni jambo rahisi mpaka apewe moja.

4. Huyo Hukwe Zawose anayetajwa kila mara alikuwa nani?

Alikuwa Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938, mpigaji wa ilimba na zeze, mwenye sauti iliyoweza kushuka kama radi na kupanda kama filimbi katika pumzi moja. Enzi za Mwalimu Nyerere aliitwa kwenye kikundi cha taifa cha ngoma, akahamia pwani, akafundisha wengi Bagamoyo na kurekodi hadi Uingereza kwa kampuni ya Real World. Alifariki Desemba 2003. Ukoo wake unaendelea na muziki hadi leo.

Tunamtaja kwa heshima, ila tunaongeza neno moja. Umaarufu wake uliufikisha muziki wa Kigogo duniani kupitia Bagamoyo, na Bagamoyo ni mbali na Ugogo. Vijana wengi wa Dodoma wamemsikia kwanza kwenye video za mtandaoni, wakati kijiji cha jirani kina mzee apigaye ilimba ileile ambaye hajawahi kutembelewa na mtu.

5. Kwani kweli sanaa hizi zinakufa? Mbona kila sherehe ya serikali kuna ngoma?

Hili ndilo swali lenyewe. Ngoma za jukwaani hazijapungua, pengine zimeongezeka tangu serikali ihamie Dodoma. Kilichopungua ni *nafasi* ya ngoma: usiku wa baada ya mavuno, wanawake kumi kwenye vinu, vijana machungani mchana kutwa bila simu, msiba unaokeshwa kwa nyimbo za wahusika wenyewe na si kwa spika la kukodi. Wimbo wa kutwangia haufi kwa sababu watu wameusahau. Unakufa mashine ya kusaga inapofunguliwa.

Ndiyo maana mtu akitujia na kamera ghali tunamuuliza kwanza: wimbo huo unaimbwa lini, na nani, na mtoto gani amekaa pembeni anasikiliza? Akikosa jibu la tatu, kamera haitasaidia sana.

## Kusikia na kujifunza

6. Sina ndugu kijijini. Nitaziona wapi?

Chamwino ndipo pa kuanzia. Kituo cha sanaa cha pale huandaa tamasha la muziki wa Kigogo ambapo vikundi vya vijiji vinakuja na ngoma zao: muheme, nindo, msunyunho na nyinginezo. Nenda mapema asubuhi, kaa chini kwenye vumbi kama wengine, na usiondoke baada ya kupiga picha mbili.

Maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni nayo huwa na vikundi, ila hesabu kwamba unaona kipande tu. Kikundi kinaambiwa "dakika tano, mgeni rasmi anaingia", na ngoma ambayo kwa kawaida huchukua nusu saa kupata moto inazimwa kabla moshi haujatoka.

Njia bora kuliko zote ni kualikwa. Msimu wa mvua huku ni mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na watu wako shambani. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, ndipo miguu inakuwa myepesi.

7. Nina miaka arobaini na sijawahi kushika zeze. Nimechelewa?

Hujachelewa kupiga, ila umechelewa kupiga bila kufikiri. Mtoto anajifunza kwa kuiba kwa macho. Wewe utahitaji kukaa na mwalimu, na mwalimu mwenyewe hajazoea kuonyesha hatua kwa hatua. Ukimuuliza "hapa umefanyaje?" atapiga wimbo mzima tena. Mvumilie. Mwombe akupe wimbo mmoja mfupi, urudi nyumbani, ukae nao wiki mbili.

Wanaotaka cheti wanaweza kwenda TaSUBa, taasisi ya sanaa ya kule Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Lakini wimbo wa kusifu ng'ombe utaujua vizuri kwa aliyechunga ng'ombe.

8. Wanawake wanaruhusiwa kupiga zeze na ilimba?

Kwa desturi vyombo hivyo vilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake walikuwa na muheme na uitikiaji. Siku hizi mambo yanabadilika mbele ya macho yetu. Pendo na Leah Zawose, wa ukoo uleule tuliotaja katika swali la 4, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2024 wakiwa wao ndio waimbaji wakuu, si waitikiaji wa nyuma.

Vijijini utakuta mzee anayekataa na mzee anayemfundisha mjukuu wake wa kike kwa siri. Sisi tunafundisha yeyote anayekuja. Mzee akikataa hatubishani naye mbele ya watu. Tunatafuta mwingine.

9. Mwanangu amezaliwa Area C, hapa Dodoma mjini, na hajui Kigogo. Ajifunze nyimbo bila kuelewa maneno?

Aanze hivyohivyo. Nyimbo za michezo ya watoto zina maneno ambayo hata watoto wa kijijini hawayaelewi yote, na wanayaimba kwa raha. Maana itakuja baadaye, hasa ukimpeleka likizo kwa bibi yake, naye bibi asilazimishwe kuongea Kiswahili "ili mtoto aelewe". Kosa hilo tunalifanya sisi wazazi, si bibi.

Kuna watu wazima wanaoficha Kigogo chao wakifika Dar es Salaam kwa kuogopa utani wa kuitwa ombaomba. Mtoto anayaona hayo.

10. Shule inaweza kufanya nini?

Mengi, bila bajeti. Mashindano ya UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) yana fani za ndani, na ngoma ni mojawapo. Tatizo ni kwamba walimu wengi wanatunga "ngoma" mpya yenye maneno ya kumpongeza mgeni rasmi na kuivalisha kaniki. Mwalimu akimwalika mama mmoja wa kijiji kila Ijumaa, akae chini ya mbuyu na watoto kwa saa moja, atapata ngoma ya kweli na ya kushindania. Kuhusu cha kumpa mama huyo, tazama swali la 13.

## Kurekodi

11. Nina simu tu. Inatosha?

Inatosha, ukiwa na adabu nayo. Izime mtandao na upokeaji wa simu kabisa. Mwaka mmoja tulirekodi muheme usiku mzima, au ndivyo tulivyodhani. Asubuhi tukakuta dakika nne za ngoma, kisha simu ikaingia kutoka kwa shemeji wa mmoja wetu, na rekodi ikakatika hapo. Mama aliyeongoza ngoma usiku ule alifariki kabla hatujarudi.

Usiisogeze simu karibu na ngoma, kwa sababu sauti inapasuka. Simama hatua kadhaa pembeni, upande ambao upepo hautokei, na ukiweza ivishe simu soksi nyembamba ili upepo wa Dodoma usivume ndani ya kipaza sauti. Iweke juu ya kanga iliyokunjwa badala ya kuishika, maana mkono wako utachoka na kuanza kucheza ngoma nao.

Ukianza, sema kwa sauti: tarehe, kijiji, nani anaimba, wimbo unaitwaje, na kwamba wamekubali. Ukimaliza, usizime haraka. Maneno yanayosemwa mara tu baada ya wimbo, wakati watu wanacheka na kufuta jasho, mara nyingi ndiyo yanayoeleza wimbo ulikuwa na maana gani. Na tafadhali usitume rekodi kwa WhatsApp ukadhani umeihifadhi. Inabanwa na kupoteza ubora. Nakili kwa waya.

12. Nikifika kijijini nianzie kwa nani?

Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, akupe barua. Kisha mtendaji wa kata, mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na hapo ndipo unapelekwa kwa wazee. Ukiruka ngazi moja, kazi itasimama siku utakayokuwa umeshatandika mkeka. Kama ni utafiti rasmi, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinatangulia yote haya.

Hiyo ni njia ya karatasi. Njia ya watu ni shikamoo, kukaa, kula ugali wa uwele na mlenda ukiletewa, na kutotoa simu mfukoni siku ya kwanza. Mwenye haraka hupewa nyimbo za wageni, zilezile wanazoimbiwa wote.

13. Kifuta jasho ni kiasi gani?

Hatutaji kiwango, kwa sababu kikitajwa mtandaoni kinakuwa bei. Kipimo chetu ni hiki: mtu aliyekupa siku yake asipate pungufu ya kibarua anayelima siku nzima hapo kijijini. Elewaneni kabla, toeni hadharani mbele ya kikundi chote, na jina la kila aliyepokea liandikwe. Kumpa kiongozi bahasha pembeni ni njia ya haraka ya kuvunja kikundi. Sukari, sabuni na majani ya chai vinapokelewa vizuri juu ya hizo, si badala yake.

Pombe je? Ujimbi ni sehemu ya baadhi ya shughuli, na kuchangia uwele wa kuupika ni heshima. Kununua pombe kali ya dukani ili wazee "wachangamke" mbele ya kamera ni kuwadhalilisha.

14. Wazee wawili wamenipa hadithi mbili zinazopingana. Niandike ipi?

Andika zote, na jina la kila msimulizi akiruhusu. Chukua jina lenyewe la Dodoma. Wengi husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, na watu wakasema *idodomya*, amezama. Wengine wanasimulia kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakachomeka mikia yao matopeni. Wahehe walipokuja kudai mali yao wakaonyeshwa mikia: ng'ombe wenu wamezama, *idodomya*!

Mtu wa historia atataka kujua ipi ilitokea. Sisi tunataka kujua ipi inasimuliwa wapi, na nani akiwepo. Hadithi ya mikia hunoga zaidi akiwepo Mhehe barazani, kwa sababu ina utani ndani yake, na Mhehe ana majibu yake. Ukichagua moja na kuifuta nyingine umefuta pia mazungumzo hayo.

15. Maneno ya Kigogo niyaandike vipi?

Kama yanavyosikika, na kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine huandika *c* pale wengine wanapoandika *ch*, ndiyo maana utaona *Cigogo* na *Chigogo*. Usipoteze zile *nh* na *mh*, maana zinabeba pumzi inayotofautisha neno na neno. *Msunyunho* si *msunyuno*. Ukikwama, Biblia ya Kigogo ipo nyumbani kwa wazee wengi Waanglikana na ni mwongozo mzuri wa tahajia.

16. Rekodi nikishazipata nizihifadhi wapi?

Nakala tatu, sehemu mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe kijijini kwenyewe. Kadi ndogo ya kumbukumbu inayoingia kwenye redio za sola inamfikia bibi, wakati tovuti haimfikii. Nakala nyingine peleka maktaba au idara inayohusika chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kikiwemo, kwa maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kusikia nini. Kuhusu nyimbo zisizopaswa kusikiwa na kila mtu, tazama swali la 25.

## Vikundi, fedha na haki

17. Kikundi chetu kinahitaji kusajiliwa?

Kama mnacheza harusi ya jirani, hapana. Kama mnataka kulipwa, kualikwa nje ya wilaya au kuomba fedha, ndiyo: BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Afisa utamaduni wa halmashauri atawaelekeza. Andaeni katiba fupi, majina ya viongozi na muhtasari wa kikao. Andikeni katiba yenu wenyewe. Tumeona kikundi cha wanawake wa muheme chenye katiba iliyonakiliwa kutoka kwa timu ya mpira, ikiwa na kifungu cha kadi nyekundu.

18. Fedha zinapatikana wapi?

Mlango wa karibu zaidi ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, lakini ni mkopo, si zawadi, kwa hiyo kikundi kiwe na shughuli inayorudisha fedha: kukodisha vyombo, kuuza vyungu, kutumbuiza kwa malipo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao hukopesha wasanii. Wafadhili wa nje wapo, na tunaonya jambo moja tu: wakitaka ngoma ibadilishwe iimbe kuhusu mradi wao, hesabuni kama fedha hiyo inatosha kulipia kilichobadilishwa.

19. Prodyuza wa mjini ametumia muheme wa kijiji chetu kwenye wimbo wake. Tuna haki gani?

Tenganisha mambo mawili. Kwanza, wimbo wa jadi hauna mtunzi mmoja, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi: anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila anapaswa kupata idhini, na chombo kilichotajwa ni Baraza la Sanaa la Taifa. Pili, kama ametumia *sauti zenu* zilizorekodiwa, nyinyi kama watumbuizaji mna haki katika utumbuizaji huo, na hapo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo pa kwenda.

Ushahidi wenu ni rekodi yenye tarehe na majina, ndiyo maana tulisisitiza jambo hilo katika swali la 11. Kabla ya kwenda ofisini, mpigieni simu. Wengi hawajui kabisa kwamba wameiba, na wachache wameishia kuwaalika wenye ngoma studio na kuwalipa.

## Nyumba, vitu na miamba

20. Tembe la babu linabomoka. Lina thamani yoyote?

Lina thamani, na lina kazi. Paa la tembe ni bapa, la miti, matawi na udongo uliopigwa, na kila mvua inaondoka na kidogo. Lisipofanyiwa marekebisho kila mwaka linaanguka. Tangu operesheni za kuhamishia watu vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye mabati, mafundi wamebaki wachache.

Kama huwezi kuliokoa lote, okoa ujuzi. Mlipe fundi mzee ajenge chumba kimoja pamoja na vijana watatu, nawe upige picha kila hatua: aina ya mti wa nguzo, mpangilio wa matawi, udongo umetoka wapi. Na usicheke, adhuhuri ya Novemba ndani ya tembe ni baridi kuliko nyumba yako ya bati.

21. Kwenye sanduku la babu kuna manyoya ya mbuni, mkia wa nyumbu na pembe ya tandala. Tufanye nini?

Msisafiri navyo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 vitu kama hivyo ni nyara za serikali, na kuvimiliki bila kibali ni kosa, hata kama babu alivirithi. Wasilianeni na ofisi ya wanyamapori ya wilaya mapema, mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, mwombe utaratibu. Vikundi vingi sasa hutumia manyoya ya jogoo na mkia wa ng'ombe jukwaani, na ngoma haijalalamika.

22. Michoro ya Kondoa tunaweza kuitembelea wenyewe?

Nendeni kupitia ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, mpewe mwongozaji. Michoro hiyo iko kwenye mapango na miamba zaidi ya 150, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey alinakili mingi mwaka 1951. Usiguse na usimwagie maji ili picha ing'ae. Kila aliyefanya hivyo ameondoka na rangi kidogo. Wako pia wanaochimba chini ya miamba wakitafuta hazina ya Wajerumani.

Na ukikuta mtama au dalili za pombe iliyotemwa kwenye mwamba, usiziite uchafu. Baadhi ya mapango, kama Mungumi pale Kolo, bado ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji.

## Maswali magumu

23. Baadhi ya nyimbo za unyago ziliambatana na ukeketaji. Kuzihifadhi si kuuendeleza?

Tunaulizwa hili na wauguzi, walimu, na wasichana wenyewe, na hatulichukulii kama swali la kitaaluma. Ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa hiyo tunazungumza na watu walioumizwa, si na makumbusho.

Msimamo wetu: haturekodi wala kuhudhuria shughuli yenye kisu, hata "kwa ajili ya kumbukumbu". Tukijua inaandaliwa, tunatoa taarifa. Lakini nyimbo na mafunzo ni vikubwa kuliko kisu: adabu, usafi, namna ya kujibu wakwe, mafumbo ya mwili. Kuna akina mama wanaofundisha hayo yote, muheme unapigwa, msichana anatoka akiwa mzima na kanga mpya. Tumewauliza kama ngoma imepungua utamu. Mmoja alitujibu kwamba sasa anacheza bila kuziba masikio.

Wimbo unaosifu kukatwa tunauhifadhi kwa maandishi, umefungwa, kwa watafiti. Haufundishwi watoto.

24. Mchungaji wetu anasema ngoma ni dhambi.

Muulizeni ni ngoma ipi. Kwaya nyingi za Kianglikana za Ugogo zinaimba tuni na mipando ya sauti ileile ya swali la 3, zikiwa na maneno ya Biblia. Kama shida yake ni pombe na kukesha, pigeni mchana bila pombe. Kama shida ni matambiko, yaacheni matambiko kwa wanaoyaamini. Kama shida ni ngoma yenyewe, mtaomba muda, na pengine mchungaji mwingine.

25. Mzee amenifundisha wimbo wa jandoni, kisha akasema usisikiwe na wanawake wala watoto. Niuweke mtandaoni?

Hapana. Amekupa wewe, hakuupa mtandao. Weka nakala iliyoandikwa juu yake masharti yake, na umrudie kila mwaka kumuuliza kama masharti yamebadilika. Wengine hulegeza wanapoona hakuna kijana anayekuja. Wengine wanachagua uende nao kaburini, na hiyo pia ni haki yao.

26. Mwimbaji amefariki. Familia inataka sauti yake ifutwe, kikundi kinataka iendelee kupigwa.

Usifute na usipige. Iweke kando hadi matanga yaishe, na baada ya hapo subiri familia iite kikao yenyewe. Mara mbili tumekaa kwenye vikao vya namna hii. Mara ya kwanza familia ilikataa hadi leo, na kadi iko kwao, kwenye kopo la majani ya chai. Mara ya pili mtoto mkubwa wa marehemu aliomba asikie kwanza peke yake. Alikwenda nayo nyuma ya zizi, akakaa huko hadi ng'ombe wakarudi, kisha akaja kuuliza kama tunaweza kumwekea ule wimbo wa tatu kwenye simu yake.